Wiki sita na fremu ya chuma mkononi: tathmini ya mgonjwa

Niliteleza ngazini nikajikinga kwa kiganja, na mfupa mkubwa wa kigasha, ule wa upande wa kidole gumba, ukapondeka karibu na kiungo cha kifundo cha mkono. Daktari aliuvuta, akaurudisha mahali pake na kunifunga plasta, lakini picha ya eksirei ya siku ya nane ilionyesha kuwa umeshuka tena na kufupika, kwa kuwa plasta huushika mkono kwa nje tu na haiwezi kuzuia misuli isivute mfupa uliosagika. Ndipo nilipowekewa fremu hii.

Kifaa chenyewe si kigumu kukielewa. Pini mbili zilizamishwa katika mfupa wa kiganja unaoelekea kidole cha shahada, nyingine mbili katika kigasha, juu ya mahali palipovunjika, kisha zote zikabanwa kwenye fito moja iliyobaki nje ya ngozi. Umbali kati ya jozi hizo mbili ukiongezwa, kano za kifundo hukazwa, nazo huvivuta vipande vilivyoshikamana nazo hadi vikaribie mahali pake. Katika kurudisha urefu wa mfupa, kazi hiyo niliiona kwa macho yangu kwenye picha, na sina la kulalamikia. Hata hivyo, kuvuta peke yake hakuinui kipande kilichodidimia katikati ya kiungo, ambacho hakikushikwa na kano yoyote, wala hakurudishi vizuri mwinamo wa asili wa kiungo kuelekea upande wa kiganja. Kwa hiyo niliongezewa nyaya mbili nyembamba za kushikilia vipande.

Kuishi nacho ni kuchagua nguo za mikono mipana na kulala huku fito ikinasa shuka. Pini ya karibu na kidole cha shahada ilianza kutoa majimaji katika wiki ya tatu, ngozi ikawa nyekundu, nikapewa viuavijasumu vya kumeza, na usafi wa kila siku ukamaliza tatizo.

Lawama yangu kubwa ni kwa huduma, si kwa chuma. Niliruhusiwa kwenda nyumbani na maelekezo ya kusafisha pini, lakini hakuna aliyeniambia kwamba vidole vilipaswa kukunjwa na kunyooshwa tangu siku ileile. Mvuto ukizidi, vidole hukakamaa, na kipimo chake hakihitaji mashine: mgonjwa ajaribu kukunja ngumi. Mimi sikuweza. Katika wiki ya pili daktari mwingine aliligundua hilo, akachukua spana na kulegeza fito kidogo tu. Jioni ile ncha za vidole ziligusa kiganja kwa mara ya kwanza.

Pini zilitolewa baada ya wiki sita bila ganzi, kwa hisia ya ajabu zaidi kuliko maumivu. Bamba la chuma linalofungwa ndani kwa skrubu huruhusu kifundo kuanza kusogea mapema, na wengi wenye chaguo hilo wangelipendelea, ingawa baada ya mwaka mmoja tofauti ya matokeo kwa kawaida huwa ndogo. Kwa jeraha la wazi au uvimbe mkubwa, fremu bado ina nafasi yake. Mfupa wangu umeunga ukiwa na urefu wake; ngumi ilichukua miezi mitatu kukaza, na sehemu ndogo ya ngozi nyuma ya kidole gumba, karibu na kovu la pini, bado ina ganzi.