Kompyuta ya baiskeli yenye vihisi vya mwendo na kadensi: uzoefu wangu wa miezi minane

Kilichonipeleka kwenye kompyuta ya baiskeli ni goti. Mwendo nilikuwa naupata bure kwenye simu, kwa hiyo haukunisumbua. Lakini kila nikimaliza kilomita 40 au 50, goti la kulia lilikuwa linauma chini ya pia yake, na kesho yake nikishuka ngazi nashika ukuta. Siku moja jamaa ninayeendesha naye, mtu mzima kunizidi, alikaa nyuma yangu muda mrefu kimya, kisha akaja ubavuni. "Mdogo wangu, wewe hunyongi baiskeli, unaikanyaga. Unazungusha mara ngapi kwa dakika?" Sikuwa na jibu, maana simu mfukoni inajua niko wapi ila haijui miguu yangu inafanya nini.

Hiyo idadi ya mizunguko ya pedali kwa dakika ndiyo kadensi. Wanaoendesha kwa mashindano barabarani wengi huwa kati ya 80 na 100. Sisi tuliojifunzia baiskeli isiyo na gia tunazoea kukanyaga taratibu kwa nguvu, na mwili unaamini hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kuchagua kulinichukua muda kuliko nilivyodhani, kwa sababu vifaa vyote kwenye picha vinafanana. Nilichokuja kuelewa ni kwamba swali la kwanza ni jinsi kihisi kinavyohesabu, kioo kije baadaye. Vipo vihisi vya sumaku: unafunga sumaku ndogo kwenye spoki na nyingine kwenye mkono wa pedali, kisha kihisi chenyewe kinakaa kwenye fremu na kuhesabu kila sumaku inapopita. Ndani mwake mara nyingi kuna kijibomba cha kioo chenye vibati viwili vyembamba ambavyo sumaku ikikaribia vinagusana. Basi, hakuna uchawi mwingine. Vipo pia vya kisasa visivyo na sumaku: kimoja kinavishwa kwenye habu ya gurudumu kwa mpira, kingine kinafungwa upande wa ndani wa mkono wa pedali wa kushoto, navyo vinahisi mzunguko vyenyewe. Hivi vinafungwa kwa dakika tano na vinahamishika kirahisi kutoka baiskeli moja hadi nyingine.

Kwa nini basi nikaishia kwenye vya sumaku? Fremu yangu. Kati ya mkono wa pedali na bomba la chini linaloelekea ekseli ya nyuma kuna nafasi finyu sana, na kile kihisi cha kufunga ndani ya mkono wa pedali kingekwaruza bomba kila mzunguko. Nawashauri mpime hapo kabla ya kununua, kwa kitu chenye unene unaojulikana. Mimi nilitumia sarafu kadhaa nilizozibandika pamoja, nikazungusha pedali, zikagonga. Uamuzi ukaisha hapohapo.

Waya au bila waya? Ya waya ina faida zake: haipotezi mawasiliano, haina betri ya pili, na mtu anayetaka mwendo na umbali tu asihangaike na kingine. Lakini waya wa kadensi inabidi usafiri kutoka kwenye pedali hadi kwenye usukani, na kila nikiuona kwenye baiskeli za wenzangu umening'inia mahali. Nikachukua ya bila waya, inayotumia Bluetooth, yenye kihisi kimoja kinachosoma mwendo na kadensi kwa pamoja. Kinakaa nyuma upande wa kushoto, kikiangalia spoki kwa mkono mmoja na pedali kwa mkono mwingine. Kukaa nyuma kuna maana kubwa kwa wanaofunga baiskeli kwenye stendi ya mazoezi ndani ya nyumba, kwa sababu gurudumu la mbele halizunguki pale, na GPS itakuambia umesimama wakati jasho linakutoka.

GPS niliiacha kwa makusudi. Njia zangu nazijua, na kompyuta isiyo na GPS inakaa miezi kwa betri moja ya duara, ile ya CR2032, badala ya kuchajiwa kila wiki. Anayependa ramani aichukue, asinisikilize mimi.

Sasa kufunga. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na picha sita na maneno machache kuliko picha. Nilianza kwa kuvuta kile kiplastiki kinachozuia betri isitumike kabla ya kuuzwa (msikisahau, malalamiko mengi ya "kimekufa kwenye boksi" ni hicho). Nikaweka raba chini ya kihisi, nikapitisha vifungo vya plastiki bila kuvikaza. Hili la kutokukaza ndilo ningependa mtu angenieleza. Ukikaza mwanzoni, kila marekebisho ni kukata kifungo na kuanza upya, na boksi lina vya akiba viwili tu. Mimi nilikata vitatu.

Kazi yenyewe ni milimita. Sumaku inatakiwa ipite karibu na alama iliyochongwa kwenye kihisi, kwangu milimita 3 hivi. Ikiwa mbali haisomwi, ikiwa karibu mno inagonga. Ugumu ni kwamba kihisi ni kimoja na sumaku ni mbili. Ukikisogeza mbele ili kiione ya pedali, kinaikosa ya spoki, na ukikirudisha nyuma mambo yanageuka. Nilikaa sakafuni, baiskeli imepinduliwa juu chini, mkono mmoja unazungusha gurudumu na mwingine unasukuma kihisi kidogo kidogo huku natazama kijitaa chekundu kinachowaka kila sumaku ikipita. Kilipoanza kuwaka kwa zote mbili, sikukikaza bado. Nilipandisha sumaku ya spoki juu zaidi, pale spoki zinapoachana kuelekea rimu, kwa sababu sumaku inateleza kwenye spoki kirahisi kuliko kihisi kinavyohama kwenye bomba. Hapo ndipo nikakaza, nikakata mikia ya vifungo hadi mwisho. Mkia ukiachwa unakwaruza shavu la mguu, nimeonja.

Kuunganisha na kompyuta kukanigomea. Nilizungusha pedali, kijitaa kinawaka, kompyuta inatafuta, haioni kitu. Nikabadilisha betri. Nikasogeza vitu karibu. Nusu saa nzima. Kumbe mwenye kosa nilikuwa mimi: asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimekiunganisha kihisi na programu ya simu ili nikione kinafanya kazi, na kihisi changu kwa Bluetooth kinazungumza na mmoja kwa wakati mmoja. Simu ilikuwa mezani chumba cha pili imekishikilia. Nilipozima Bluetooth ya simu, kompyuta ikakiona mara moja. Vihisi vinavyotumia ANT+, njia nyingine ya mawasiliano bila waya, havina wivu huo, vinasikika na vifaa kadhaa kwa pamoja, na kama una saa ya mazoezi na kompyuta na unataka vyote vipokee, tafuta kilichoandikwa vyote viwili, ANT+ na Bluetooth.

Halafu mzingo wa gurudumu, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganywa na vifaa vyao bila kujua. Kihisi hakipimi umbali, kinahesabu mizunguko tu. Curtis Veeder alipouza kihesabu chake cha baiskeli huko Marekani mwaka 1895, pini ya kwenye spoki ilikuwa inagonga kijigurudumu cha meno kila gurudumu linapozunguka. Leo pini imekuwa sumaku, lakini bado wewe ndiye unayekiambia kifaa kila mzunguko ni urefu gani. Yangu ilikuja imewekwa milimita 2096, ambayo ni ya tairi jembamba la 700×23. Mimi nina 700×32. Kwa wiki mbili nilikuwa nashangaa mbona njia ileile imefupika. Majedwali yanatoa 2155 kwa tairi langu, ila nikaamua kupima mwenyewe: nikajaza upepo kama kawaida, nikachora mstari wa chaki kwenye tairi na sakafuni, nikapanda nikakaa, mtu akanishika bega nisianguke, nikasogea polepole mizunguko mitatu kamili, nikachora tena. Mita 6.44. Gawa kwa tatu, milimita 2147. Ukikaa juu tairi linabonyea kidogo, ndiyo maana nimepata chini ya jedwali. Kwa ile 2096 ya kiwandani, kilomita 100 za kweli zilikuwa zinaonekana 97 na ushei. Si balaa, lakini kwa nini ujipunje kilomita zako mwenyewe?

Siku ya kwanza kuendesha na kadensi mbele ya macho nilijionea aibu. Barabara tambarare, sina haraka, najisikia vizuri: 58, 61, 60. Jamaa alikuwa sahihi. Nilikuwa kwenye gia ya meno 50 mbele na 17 nyuma, mwendo kama kilomita 22.7 kwa saa. Nikahamisha nyuma hadi meno 23, nikazungusha mpaka namba ikasoma 81, na mwendo ukabaki palepale. Hesabu yake ni rahisi, 23 gawanya kwa 17 mara 60. Ila kuijua hesabu hakufanani na kuisikia miguuni. Kila mkanyago ukawa mwepesi, na mapafu yakaanza kulalamika badala ya mapaja. Dakika kumi nikachoka, nikarudi 60 zangu. Ilinichukua karibu mwezi kukaa kwenye 78 au 80 bila kutazama kioo, na mwanzoni nilikuwa narukaruka kwenye kiti kama niko kwenye barabara ya matuta. Nikijilazimisha kufika 95 bado narukaruka.

Goti? Limetulia. Ila niwe mkweli, wiki hiyohiyo niliyofunga kihisi nilipandisha na kiti, kwa hiyo siwezi kuipa kompyuta sifa zote.

Jambo moja dogo la kwenye mipangilio: wastani wa kadensi. Safari za kwanza nilikuwa naona 80 muda wote njiani, nikifika nyumbani wastani unasema 63. Kifaa kilikuwa kinajumlisha na muda wa kuteremka mlima miguu imetulia, yaani sifuri zote. Yangu ina chaguo la kuziacha sifuri nje, limefichwa ukurasa wa nne wa menyu inayoongozwa kwa vitufe viwili, na kila kitufe kina kazi mbili kutegemea umekibonyeza muda gani. Menyu hii ndiyo kitu nisichokipenda kabisa kwenye kifaa hiki. Ukiwa na glavu usijaribu.

Jingine ni kwamba ukiacha kunyonga, namba ya kadensi inaganda sekunde moja mbili kabla ya kuanguka hadi sifuri. Nilidhani ni ubovu. Sio. Kihisi kinasubiri sumaku ambayo haiji, na hakiwezi kujua kama umeacha au umepunguza tu mpaka muda fulani upite.

Mwezi wa tatu ukaja mlio. Tik, tik, tik, kila mzunguko wa pedali mmoja. Nikafungua pedali nikapaka grisi, nikakaza boliti za mkono wa pedali, nikaanza kuiogopa beringi ya kati, nikaenda kwa fundi. Fundi aliinama, akazungusha mara moja, akasukuma kile kimkono cha kihisi kwa kidole gumba, mlio ukaisha. Kilikuwa kimejipinda ndani nilipokuwa naosha baiskeli, kinaguswa na sumaku ya pedali. Hakunitoza kitu, alicheka tu. Tangu hapo kabla ya kutoka nazungusha pedali kinyume mara tatu nikisikiliza.

Mvua haijakidhuru, ingawa kifuniko cha betri kina kiraba cha duara ambacho lazima kikae sawa kwenye mfereji wake kila ukibadilisha betri. Betri ya kihisi nimebadilisha mara moja, ya kompyuta bado. Kihisi kikikataa kuamka baada ya betri mpya, kwangu ilisaidia kuitoa, kuiacha nje dakika moja na kuirudisha.

Ningekinunua tena? Kihisi ndiyo, kompyuta yenyewe ningetafuta nyingine yenye menyu ya kibinadamu. Kwa mtu anayeendesha kwenda kazini tu, kadensi haina kazi kubwa, achukue ya waya aendelee na maisha. Na kama utachukua ya sumaku kama mimi, nunua sumaku ya spoki ya ziada siku hiyohiyo. Yangu ililegea na kudondoka kwenye barabara ya vumbi, na siku tatu niliendesha mwendo ukisoma sifuri na kadensi 80, mpaka nilipobandika kijisumaku cha zamani cha mlango wa kabati kwenye spoki kwa tepu ya umeme. Bado kiko hapo, na kinasomwa vizuri kuliko cha asili.