Kadi za maneno ya Kijapani ya vizuizi: nzuri sana ila sauti zirekebishwe

Jamani hizi kadi za kwenye simu za maneno ya Kijapani ya vizuizi na kufunga maeneo ziko vizuri, kama unaenda Japani kwa kazi ya ulinzi au ujenzi au hata kutembea tu pakua. Nilichopenda hawajarundika maneno, wamekutenganishia, tachiiri kinshi ni marufuku kuingia, tsuukoodome barabara imefungwa, kiseisen ule utepe polisi wanaozungushia eneo la tukio, afu fuusa ndo kufunga eneo zima kabisa, na kila neno lina picha ya kibao chenyewe. Kurumadome pia ipo, vile vinguzo vya kuzuia magari. Ila iliyonimaliza ni sekimori ishi, kajiwe kamefungwa kamba kanawekwa kwenye njia ya bustani ya chai kumwambia mgeni huku usipite, aisee kajiwe tu na watu wanatii!

Nyota nne. Ya tano nimebana sababu sauti yao haivuti irabu, tsuukoo inasomwa kwa kifupi, na kwenye Kijapani irabu ndefu inaweza kubadili maana kabisa, kwa anayeanza hilo sio dogo.