Matembezi ya Msitu wa Amani na Elimu ya Siafu

Kwa yeyote anayefika Muheza akitaka zaidi ya kupiga picha za vinyonga, ninampendekeza kwa moyo wote mwongozaji binafsi aliyetutembeza katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Msafara wa siafu ulipokatiza njia, hakutuharakisha. Alitueleza kwamba vibarua wale ni majike wasio na macho, na kwamba swali la kwa nini mdudu afanye kazi maisha yake yote bila kuzaa limewashughulisha wanabiolojia tangu enzi za Darwin.

Alimtaja William Hamilton, Mwingereza aliyechapisha jibu lake mwaka 1964 baada ya kufanya kazi katika upweke mkubwa, mara nyingine akiandika kwenye mabenchi ya stesheni ya Waterloo, London: tabia ya kumsaidia ndugu wa damu huweza kuenea, mradi faida anayopata ndugu huyo, ikishazidishwa kwa kiwango cha udugu wao, ipite gharama anayobeba msaidizi. Hamilton alifariki mwaka 2000, baada ya kuugua malaria katika safari ya utafiti Kongo, na habari hiyo ilisimuliwa kwa heshima iliyonigusa.

Upungufu ni mmoja. Mwongozaji alisema siafu dada hushirikiana robo tatu ya jeni zao, lakini hesabu hiyo husimama pale tu malkia anapopandwa na dume mmoja, ilhali malkia wa siafu hupandwa na madume wengi. Hilo linarekebishika, na matembezi yenyewe ningeyalipia tena, hasa baada ya mvua.