Picha za kushikilia nafasi: uzoefu wangu wa kuzitengeneza mwenyewe kwa msimbo

Kwa muda mrefu, kila nilipoanza tovuti mpya na mteja hajaleta picha, niliazima za kushikilia nafasi, yaani za muda zinazokaa pale picha halisi itakapokuja, kutoka kwenye huduma za mtandaoni. Unaandika anwani yenye upana na kimo, picha inakuja. placehold.co ukiipa 600x400 inakurudishia kisanduku chenye vipimo vyake katikati. Lorem Picsum inakuletea picha halisi, na ukiitaka ya rangi ya kijivu au yenye ukungu unaongeza neno moja tu mwishoni mwa anwani. Zote mbili nzuri, na kwa jaribio la nusu saa bado nazitumia.

Kilichonihamisha ni tovuti ya fundi samani wa Keko, Dar es Salaam. Siku ya kumwonyesha kazi nilikwenda na laptopu hadi karakanani kwake, intaneti naivuta kwenye simu. Huduma niliyoitegemea siku hiyo, ambayo si kati ya hizo mbili, haikujibu. Ukurasa wa bidhaa ukajaa alama za picha iliyovunjika. Na kwa kuwa sikuwa nimeandika width na height kwenye tagi za picha, nafasi zake zilijifunga, maandishi yakapanda juu na kubanana. Mzee alitazama kimya, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, kabati langu litakaa wapi hapa?" Sikuwa na cha kumjibu. Wiki moja kabla nilimtumia ukurasa huohuo ukiwa na picha za milima na bahari, akadhani nimemchanganyia na biashara ya mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani nikaandika fankisheni fupi ya JavaScript. Inapokea upana, kimo na maneno, inarudisha SVG, aina ya picha inayochorwa kwa msimbo. Wengi tunasahau kwamba SVG ni maandishi matupu: mstatili mmoja wenye rangi, na juu yake neno lililowekwa katikati kwa text-anchor="middle" na dominant-baseline="middle". Yote hayo hayafiki hata baiti 400. Unayaweka moja kwa moja ndani ya src, sehemu ya tagi ya picha inayobeba anwani yake, yakianza na data:image/svg+xml, na hakuna ombi lolote linalotoka nje ya kompyuta yako. Bando likiisha, picha zipo. Umeme wa mtaa ukikatika, mradi laptopu ina chaji, picha zipo.

Jioni ya kwanza iliniishia kwenye alama ya reli (#). Rangi yangu ilikuwa #d9d2c5, na kila picha ilitoka tupu. Ndani ya anwani, kivinjari kikikuta alama ya reli kinahesabu kwamba anwani kuu imeishia hapo, kwa hiyo SVG yangu ilikuwa inakatwa katikati. Iandike %23, au pitisha maandishi yote kwenye encodeURIComponent, fankisheni ya JavaScript inayogeuza alama kama hizo, tatizo linakwisha. La pili ni xmlns, sifa inayokitambulishia kivinjari kwamba hii ni SVG: ukiandika SVG ndani ya HTML yenyewe unaweza kuiacha, lakini ndani ya tagi ya img bila hiyo huoni kitu. Fonti nazo, SVG iliyo ndani ya img hairuhusiwi kuvuta faili kutoka nje, basi nimebaki na sans-serif ya kifaa.

Faida niliyoipenda kuliko zote sikuitarajia. Kwa kuwa maneno nayaandika mwenyewe, niliacha kuweka vipimo peke yake. Kila kisanduku kikawa kinasema kinachosubiriwa: "Kabati la milango 3, mbele, 800 × 600". "Droo ikiwa wazi". "Kitasa, kwa karibu". Niliporudi Keko, binti wa mzee alishika simu, akawa anashuka na ukurasa kisanduku kimoja baada ya kingine huku anapiga picha zinazotajwa. Sikumpa orodha wala maelekezo. Ndani ya siku nne nilipata picha 22 kati ya 26, nyingi zimekaa kwa ulalo uliotakiwa. Wateja wa kabla yake niliwahi kuwafuatilia picha miezi miwili.

SVG haifiki kila mahali. Picha ndogo inayotokea ukituma kiungo WhatsApp inataka PNG au JPEG, na barua pepe nazo ni vilevile. Hapo natumia Python na maktaba ya Pillow: Image.new("RGB", (1200, 630), "#d9d2c5"), halafu draw.text yenye anchor="mm" ili maneno yakae katikati yenyewe. Ukifuata mafunzo ya zamani utakutana na textsize ya kupima ukubwa wa maneno. Iliondolewa kwenye toleo la 10 la mwaka 2023, tumia textbbox. Pia ujue maneno hayajikunji yenyewe. "Meza ya chakula ya viti 6" ilipita ukingoni hadi nilipoikata mistari kwa textwrap, moduli ya Python ya kazi hiyo.

Udhaifu wake nauona kuwa mmoja mkubwa: visanduku hivi ni vyepesi mno, vinakufanya uamini tovuti yako ni ya haraka. Picha za simu zilipoingia, kila moja na megabaiti zake tatu au nne, ukurasa ulianza kujikokota. Ilibidi niandike hatua nyingine ya kuzipunguza zote hadi pikseli 800 na kuzihifadhi kama WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi zaidi. Siku hizi naiandika hatua hiyo mapema, kabla hata ya picha ya kwanza kufika. Vilevile maandishi meupe juu ya kisanduku cha rangi moja yanasomeka vizuri, ukiweka mbao ya mninga yenye mistari yake yanapotea. Hilo huwezi kulipima mpaka upate picha yenyewe.

Nimeweka pia ulinzi: kila kisanduku kina sifa ya data-kishikilio, na kabla ya kupandisha tovuti kwenye seva programu inaitafuta. Ikiikuta hata moja, inagoma na kunitajia ukurasa uliobakiwa nayo.

Keko zimebaki nne, zote za kitanda kimoja cha 6 kwa 6. Mzee amesema tusubiri vanishi ikauke.