Nimetumia AI kuandika programu miezi minne: lini nadai mpango kwanza, lini naiambia ifanye tu

Natumia msaidizi wa AI kuandika programu karibu kila siku ya kazi, mwezi wa nne huu. Kasi yake sina ubishi nayo. Ninachotaka kuongelea ni ile dakika kabla hujabonyeza Enter, pale unapoamua iandike moja kwa moja au kwanza isome mafaili ikueleze inataka kufanya nini. Mimi hapo ndipo nilipoumia.

Mwanzoni nilikuwa napima kwa urefu wa ombi. Ombi refu, naomba mpango. Ombi la mstari mmoja, fanya tu.

Sasa kuna mfumo mdogo nimewatengenezea akina mama wa kikoba, wananunua hisa kila Jumamosi na wengi wanatuma hela kwa simu, mfumo unaangalia namba iliyotuma halafu unamwandikia mwenye namba hela hiyo. Namba zenyewe zilikuwa zimeingizwa kila moja na mtindo wake, hii inaanza na 0, hii 255, ile +255 na nafasi katikati, kuna kisanduku kimoja kilikuwa na namba mbili zimetenganishwa na mkwaju (/). Alhamisi mchana nikaandika maneno sita: "Badilisha namba zote zianze na 255." Dakika mbili nyingi, skripti (programu fupi ya kufanya kazi hiyo) imeandikwa, imeendeshwa, imeniambia tayari. Nikaangalia orodha ya wanachama, namba zimekaa mstari mmoja zinapendeza, nikafunga kompyuta.

Jumamosi saa nne asubuhi mweka hazina akanipigia. "Mwanangu, hela za watu zimeingia kwenye simu naziona, mbona kwenye mfumo wako hazipo?" Kumbe namba ilikuwa inakaa sehemu nne: kwenye wanachama, kwenye hisa, kwenye mikopo, na kwenye kile kipande kinachopokea taarifa za malipo. Skripti iligusa wanachama peke yake, kwa hiyo hela zilikuwa zinakuja hazimjui mwenyewe. Na kuna wanachama wawili namba zao zilipofanana skripti ikachukulia ni mtu mmoja kaandikishwa mara mbili, ikafuta mmoja, na huyo aliyefutwa ndiye alikuwa na mkopo ambao hajamaliza kulipa.

Nikakimbilia Git, ile zana inayotunza matoleo ya nyuma ya mafaili ya programu. Mafaili yalirudi yote kama yalivyokuwa, lakini Git inatunza mafaili, data iliyoko ndani ya databesi haiijui kabisa. Kilichonisaidia ni bakapu, nakala ya akiba ya data, ya Jumatano usiku, halafu miamala yote ya kuanzia Alhamisi nikaiingiza kwa mkono nikisoma SMS moja moja kwenye simu ya mweka hazina, tumekaa barazani kwake mpaka adhuhuri, na yeye hakuninunia hata kidogo.

Mara ya pili nikaandika hivi: "Usibadilishe kitu. Soma kwanza, niambie namba ya simu inatumika wapi na wapi, na ukiibadilisha nini kitavunjika." Siku hizi zana nyingi zina hali ya mpango kabisa, kwenye Claude Code kwa mfano unabonyeza Shift+Tab mpaka uifikie, inasoma tu haiandiki. Ikaja na zile sehemu nne zote, kila moja na jina la faili, na chini yake swali: kuna wanachama wawili watakaobaki na namba moja, niwaunganishe? Mmoja kaandikwa Mama Fulani, mwingine jina hilohilo bila "Mama" mbele. Hata mimi ningesema ni mtu mmoja. Nikampelekea katibu, akafungua daftari lake la jalada gumu, akaweka kidole kwenye mstari: "Hawa ni mama na bintiye. Simu wanayo moja."

Hapo kazi ikageuka yote. Namba ya simu haiwezi kuwa ndiyo utambulisho wa mtu, ikabidi kila mwanachama apewe namba yake ya uanachama, na hela ikitoka kwenye simu ya watu wawili mfumo unamuuliza mweka hazina ni ya nani. Hilo AI isingelijua hata ingesoma mafaili mwaka mzima, maana lilikuwa kwenye daftari. Kwangu mimi faida ya mpango ni lile swali, hatua zenyewe ingeziandika tu.

Kwa hiyo sasa hivi najiuliza, hii ikiharibika Git itairudisha? Kama ndiyo, sitaki mpango. Rangi ya kitufe, maneno kwenye risiti, ripoti mpya inayosoma tu bila kuandika, fanya tu, nikiona sijapenda narudisha. Niliwahi kuomba mpango wa kuongeza neno "Asante" chini ya risiti nikapewa hatua saba, nimesubiri, bando limekwenda, kwa badiliko la mstari mmoja. Lakini kikigusa data iliyokwisha kuhifadhiwa, au hela, au ujumbe unaokwenda kwenye simu za watu, nadai mpango hata ombi liwe na maneno matatu, maana SMS ikishatoka imetoka.

Na mpango wenyewe nausoma. Ukinirudishia maneno yangu kwa lugha nzuri bila kutaja faili hata moja naukataa, naandika "rudia, taja mafaili na uniulize usichokijua". Kuiuliza yenyewe kama kazi inahitaji mpango nimeacha, mimi inanijibu ndiyo karibu kila mara.

Wiki hii naongeza SMS za kuwakumbusha wenye mikopo. Mpango umerudi na swali moja: kwa ile simu ya watu wawili, ujumbe wa deni la binti uende hata kama mama yake atausoma? Sijaruhusu iandike chochote, Jumamosi namuuliza binti mwenyewe.