Duka la vitabu la Zhang Ailing, Changde Road 195, Shanghai: uzoefu wangu

Nianze na linalowaudhi wengi: juu kwenye fleti hupandi. Zhang Ailing, mwandishi wa Kichina ambaye wasomaji wa Kiingereza wanamjua kama Eileen Chang, aliishi kwenye jengo hili mara mbili. Mwaka 1939 alikuwa fleti namba 51 na mama yake na shangazi yake. Aliporudi kutoka Hong Kong mwaka 1942 akaingia namba 65 na shangazi, akabaki humo hadi baada ya vita. Hadithi zilizompa jina, ikiwemo 倾城之恋 (kwa Kiingereza Love in a Fallen City) ya 1943, ni za miaka hiyo ya namba 65. Lakini fleti zina wenyewe hadi leo, na wakazi wamechoshwa na wageni wanaobonyeza kengele. Mwaka 1944 Hu Lancheng, aliyekuja kuwa mumewe, alifika hapa hakupokelewa, akapenyeza kikaratasi mlangoni. Siku hizi hata huko mlangoni asingefika.

Kwa hiyo unakwenda kwa ajili ya duka la chini: vitabu vyake, picha zake ukutani, meza chache na kahawa. Aliyekwisha kumsoma atafurahi. Asiyemsoma atalipia kahawa ya bei ya mjini na kutoka na picha za simu tu, basi bora asome hata hadithi moja kabla ya safari.

Kufika si kazi. Laini namba 2 ya treni ya chini inatoka uwanja wa ndege wa Pudong hadi kituo cha Jing'an Temple; laini 7 na 14 nazo zinapita hapo. Ukitoka ni dakika chache kwa miguu. Kinachowapoteza watu ni Google Maps. Kwanza, ukiwa China haifunguki bila VPN (programu ya kuvuka vizuizi vya mtandao) au laini ya simu ya nje. Pili, hata ikifunguka, ramani za China zimechorwa kwa mfumo wao wa kuonyesha mahali uliosogezwa makusudi, kwa hiyo alama yako inaweza kukaa mita mia kadhaa pembeni ya mahali ulipo. Tumia Amap, programu ya ramani ya Kichina, ubandike anwani kwa Kichina: 常德路195号. Jengo utalitambua kwa baraza ndefu za mviringo na mistari ya kahawia inayokata ukuta wa rangi nyepesi, mtindo wa miaka ya 1930. Mlangoni kuna kibao cha kumbukumbu. Usichanganye mlango wa wakazi na wa duka.

Malipo yaandae ukiwa bado nyumbani. Pakua Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, jisajili kwa pasipoti, unganisha kadi ya Visa au Mastercard, na ufanye hivyo laini yako ikiwa hewani, maana benki itatuma namba ya siri kwa SMS. Wengi hukwama hapo: wamefika Shanghai, laini ya nyumbani haipokei ujumbe, kadi haithibitishwi. Kwa kadi za nje, muamala usiozidi yuani 200 hauna makato. Ukizidi hapo unakatwa asilimia 3. Ukichukua vitabu vingi, omba ulipe kwa mafungu mawili, kila fungu lisizidi yuani 200. Noti za yuani zinapokelewa kisheria, ila chenji ni ya kusubiri.

Sasa rafu. Jina lake kwa herufi rahisi ni 张爱玲, kwa herufi za zamani 張愛玲. Matoleo ya China bara utakayoyakuta zaidi ni ya mchapishaji wa Beijing, 北京十月文艺出版社, na kwa anayejifunza Kichina ndiyo ninayoyapendekeza: herufi zinasomeka na bei imechapwa jalada la nyuma. Vitabu vipya mara nyingi vimefungwa nailoni. Usiichane, tafuta nakala ya mfano iliyo wazi au muulize muuzaji. Cha kuanza nacho ni 流言, insha fupi fupi, ambamo kuna ile ya maisha ya fleti: kelele za tramu anazodai bila hizo hapati usingizi, tramu zikirudi usiku kwenye karakana jirani, na mwendesha lifti mwenye maringo yake. Isomee papo hapo, ghorofa zenyewe zikiwa juu ya kichwa chako. Tramu hakuna tena. Utasikia pikipiki za umeme na honi. Riwaya ya 小团圆 iache kwanza. Ilitoka 2009, yeye akiwa amefariki tangu 1995 Los Angeles, na inachosha kama hujui maisha yake.

Riwaya zake mbili usizitafute hapa wala duka lolote la China bara: 秧歌 na 赤地之恋. Zinasimulia mageuzi ya ardhi na miaka ya mwanzo ya utawala wa Kikomunisti kwa jicho kali, na hazichapishwi huko. Zinapatikana Taiwan, kwa mchapishaji 皇冠. Tafsiri za Kiingereza nazo nunua kabla ya safari. Ile ya Karen Kingsbury ya 2006, Love in a Fallen City, ni nzuri. Ukizikosa, panda laini 2 hadi People's Square utembee mtaa wa Fuzhou, mtaa wa vitabu wa siku nyingi.

Mihuri ya kumbukumbu, ile ya wino ambayo wageni hujigongea kwenye vitabu vyao, ndiyo inayoharibu vitabu. Wageni hupiga ukurasa wa kwanza, wanafunga kitabu, na wino unahamia ukurasa wa pili. Bonyeza muhuri kidogo tu kwenye kidau cha wino, ujaribu kwenye risiti, piga, kisha weka tishu katikati na uache wazi dakika kadhaa. Karatasi ya kung'aa haikauki vizuri, hivyo picha na postikadi piga upande wa nyuma, ule wa kuandikia.

Nenda asubuhi siku ya kazi. Jumamosi mchana meza zinashikwa na wapiga picha waliovaa qipao (gauni la Kichina la kubana mwili), na kila mmoja anataka kusimama mkono kiunoni, kichwa juu, kama picha yake ya Hong Kong ya 1954. Mtu anayekaa mezani anunue kinywaji; hiyo ni adabu ya hapo, hata kama umeshachukua vitabu.

Ukivituma nyumbani kwa posta, usifunge sanduku kwa gundi kabla ya kufika dirishani. Mfanyakazi ataangalia kilichomo, atataka pasipoti, ndipo lifungwe. Uliza bei ya njia ya meli pia, maana vitabu ni vizito na ndege hupandisha gharama haraka.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa sababu kahawa imekula nafasi ya rafu.