T'Challa wangu hapa Mbeya: mwaka mmoja na zaidi na sanamu ya moja kwa sita

Nianze na uso, maana ndio ulionifanya nitoe akiba ya karibu mwaka mzima. Sanamu yangu ni T'Challa, yule mfalme shujaa wa filamu ya Black Panther, iliyotengenezwa na Hot Toys, kampuni ya Hong Kong iliyoanza mwaka 2000. Ni ya moja kwa sita, yaani sehemu moja ya sita ya ukubwa wa mtu halisi: kimo chake ni sentimita 31 hivi, na amekuja na vichwa viwili: cha kinyago na chenye sura ya Chadwick Boseman, mwigizaji aliyemcheza T'Challa. Hicho cha pili ukikimulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni, unaona ndevu fupi zilivyotiwa kivuli na macho yanavyong'aa kama yana unyevu. Boseman alifariki Agosti 2020. Kila nikifungua kabati namtazama kwanza machoni, mengine baadaye.

Bei inauma. Sanamu za daraja hili zikiwa mpya huuzwa zaidi ya dola 200 za Marekani, hapo hujagusa usafiri wala ushuru. Ukiuziwa kwa elfu hamsini, jua ni ya kuiga. Na usiitume kwenye buti la basi: yangu ilitoka Dar hivyo, zaidi ya kilomita 800, boksi likafika kona moja imebonyea. Mpe ndugu anayesafiri aipakate.

Jambo ambalo sikulisikia kwenye video yoyote ni baridi. Viganja vya sanamu hizi hubadilishwa, unachomoa cha ngumi unaweka cha makucha, na vyote vinashikwa na kijiti cha plastiki chembamba. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi moja ya Julai nikalazimisha kiganja kilichokaza, nikasikia "ka!" Kijiti kimekatikia ndani ya mkono. Kosa lilikuwa langu. Plastiki ikipoa hukakamaa. Kukitoa kipande kile kulinichukua jioni nzima: nilipasha sindano moto, nikaichomeka katikati ya kipande, nikaiacha ipoe ikashikana nacho, kisha nikavuta taratibu. Siku hizi kabla ya kubadilisha napuliza kiungo kwa draya ya nywele, kwa mbali, sekunde ishirini hivi, ndipo navuta moja kwa moja bila kuzungusha.

Kabati nalo lina habari yake. Fundi aluminiamu wa kwanza aliacha upenyo chini ya mlango unaopitisha kadi ya benki. Kufika Septemba, mabega meusi ya T'Challa yalikuwa mekundu kwa vumbi. Fundi wa pili, wa Mafiati, aliweka ile brashi ya madirisha ya kusukuma, vumbi likakoma. Nimeligeuzia dirisha mgongo, kwa sababu jua huchujua rangi na kuifanya plastiki iwe ya njano, na kioo cha kawaida hakizuii miale yote. Kusafisha natumia brashi laini ya poda, kavu. Kitambaa hunasa kwenye suti.

Sasa joho, kazi ninayoipenda kuliko zote. Kipimo cha moja kwa sita kilitumika tangu zamani, hata kwa G.I. Joe, sanamu ya askari ya kampuni ya Hasbro, mwaka 1964, kwa hiyo vitu vya kampuni nyingi huvalishika. Ila mimi nilitaka kitu cha kwetu. Nikaenda kwa mama fundi cherehani Mwanjelwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Joho la mtoto wa miezi mingapi?"

Nikamtoa T'Challa kwenye begi. Akamshika kiunoni kwa vidole viwili, akamgeuza huku na huku. "Huyu mfalme. Basi tukate mshazari, lidondoke vizuri."

Alijua kazi. Kitenge nilichopeleka alikikataa: kizito, na ua moja lingefunika mgongo mzima. Tukachagua pamba nyembamba yenye vidoti. Pindo likawa la milimita tatu, na ndani yake tukapitisha waya wa shaba niliouchomoa kwenye kebo mbovu ya spika. Waya huo ndio siri, kwa sababu unakunja pindo kwa kidole na joho linakaa kama limepeperushwa na upepo. Shingoni kuna kifungo kidogo cha kubana. Usikubali kushonea chochote kwenye suti yenyewe. Siku ukitaka kumuuza, thamani imeshapotea.

Amesimama juu ya mawe mepesi ya volkano ya kutoka Rungwe, niliyoyapaka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji ili yasimwage unga.

Ningemnunua tena? Ndiyo, kwa bei ileile. Nafasi ya kulia kwake namwekea Shuri, dada yake T'Challa, na mama wa Mwanjelwa ameshaniuliza atavaa rangi gani.